Mtoto Hapandi Ndege kwa Imani Peke Yake

 

Neno la leo ni refu kuliko kawaida. Kama uko kwa matatu ama sufuria iko motoni, lihifadhi ulisome jioni ukiwa umetulia. Ni neno la wale wanaotamani mtoto, hasa ndugu zetu mlio Marekani, Uingereza na kwingineko, ambao kila mwaka mnaniandikia swali lile lile kwa maneno tofauti: "Pastor, tunataka kuja Kisumu kuchukua mtoto. Tuanzie wapi?"

Wiki mbili zilizopita wanandoa waliolelewa katika kanisa hili walinipigia simu kutoka Marekani. Wameniruhusu nieleze habari yao bila majina. Wana miaka kumi na mmoja katika ndoa. Wamefunga, wamekesha, wamepoteza mimba tatu. Sasa wamempata mtu hapa mjini anayesema ana "njia". Watume pesa, mtoto mchanga apatikane kabla ya Desemba, karatasi zitafuata. Walichotaka kwangu ni barua ya kanisa tu. Niliwaombea, nikalia nao, na barua sikuandika. Leo nataka kueleza sababu, maana najua hawako peke yao.

Kwanza tuelewane kuhusu Neno. Kumchukua mtoto ambaye hukumzaa si aibu, wala si mpango wa pili wa Mungu. Soma Kutoka sura ya 2. Musa alilelewa na binti wa Farao, mwanamke wa taifa lingine na lugha nyingine. Soma Esta 2:7. Mordekai alimchukua Esta, binti wa jamaa yake, baada ya wazazi wake kufa, na walikuwa ugenini Uajemi. Soma Mwanzo 48. Yakobo aliwafanya Efraimu na Manase, watoto waliozaliwa Misri, kuwa wanawe mwenyewe wenye fungu kamili. Na Yusufu wa Nazareti alimpa jina na makao mtoto ambaye hakutoka katika mwili wake. Paulo anapotufundisha katika Warumi 8 kwamba tumefanywa wana, anatumia neno la sheria lililofahamika na Warumi. Kwao, aliyefanywa mwana alikuwa mrithi halali, si mgeni wa nyumbani.

Lakini angalia jambo moja katika habari ya Musa. Dada yake alisimama kwa mbali akitazama. Mama yake mzazi ndiye aliyemnyonyesha, na akalipwa mchana kweupe. Musa alikua akijua watu wake ni akina nani. Hakuna aliyeuzwa. Hicho ndicho kipimo chetu leo.

Sasa tuje kwa sheria, maana wengi wenu mnapotea hapa.

Novemba 2014 Baraza la Mawaziri la Kenya lilisimamisha shughuli ya wageni kuwaasili watoto wa Kenya na kwenda nao nje. (Kuasili maana yake ni kumfanya mtoto kuwa wako kisheria, moja kwa moja.) Septemba 2019 Baraza likatoa tena agizo hilo, safari hii bila tarehe ya mwisho. Sababu ilikuwa hofu ya biashara ya watoto. Kisha ikaja Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 26 Julai mwaka huo. Msimamizi wa mambo haya ni Baraza la Kitaifa la Huduma za Watoto. Kwa hivyo ukisikia mtu wa Kondele ama Milimani anakwambia ana njia yake mwenyewe ya kumtoa mtoto Kenya kwa miezi mitatu, jua kwamba hakuna njia ya namna hiyo. Kuna pesa zako tu, na mtoto wa mtu.

Mtaniambia, "Lakini Pastor, sisi si wageni. Sisi ni wa Seme, ni wa Alego, pasipoti zetu ni za Kenya." Nasikia. Ila Kenya ilijiunga na Mkataba wa Hague wa 1993 kuhusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi, na mkataba huo hauangalii pasipoti yako ni ya rangi gani. Unaangalia makao yako yako wapi. Kama unaishi Minnesota na mtoto anaishi Nyalenda, huyo kwako ni mtoto wa kutoka nchi nyingine, hata kama mnazungumza Dholuo kimoja. Kabla ya kukata tiketi, kabla ya kutuma shilingi moja, liandikie Baraza hilo, ueleze hali yako, na upate jibu kwa maandishi. Neno la mdomo halipiti mbele ya afisa wa uhamiaji.

Mkataba huo una mpangilio, na ukiuvuruga, anayeumia ni mtoto. Kwanza, nchi unayoishi inakuchunguza wewe: nyumba yako, afya yako, mapato yako, rekodi yako ya polisi. Pili, nchi ya mtoto inamchunguza mtoto: je, kweli hana mtu? Je, kuna jamaa? Kama hakuna jamaa, kuna familia nyingine hapa hapa nchini? Kwenda nje ni hatua ya mwisho baada ya hizo zote. Tatu, nchi mbili zinakubaliana. Ndipo mambo ya kuasili yanaendelea. Na mpaka masharti hayo yatimie, mkataba unakataza wanaotaka kuasili kukutana na wazazi ama walezi wa mtoto, isipokuwa wao ni jamaa, ama mamlaka husika zimeruhusu. Kwa hivyo ule mtindo wa kuja likizo na kuzunguka makao ya watoto ukiangalia sura, kama mtu anayechagua nyanya soko la Kibuye, haumo kabisa.

Ndugu wa Marekani, kwenu safari inaanza na fomu inayoitwa I-800A, kabla hata hamjamjua mtoto. Wa kuijaza lazima awe raia wa Marekani, na kama mmeoana, mmoja wenu ni lazima awe raia. Green Card peke yake haitoshi kwa njia hiyo. Wapo wanaokimbilia mahakama huku kwanza, kisha ndiyo waende ubalozi kuomba viza. Wanajikuta wana amri ya mahakama mkononi na mtoto ambaye hawezi kusafiri. Ndugu wa Uingereza, sheria yenu ya mwaka 2002 inafanya kuwa kosa la jinai kumwingiza mtoto nchini kwa nia ya kumwasili bila kufuata masharti. Usiseme hukujua. Leo umejua.

Kwa nini milango imekuwa migumu hivi? Wapendwa, milango haikufungwa kwa chuki. Ilifungwa kwa machozi.

Tazama jirani zetu ng'ambo ya ziwa. Agosti 2020 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, wakili mmoja na mshirika wake, kwa mpango wa kuwatoa watoto kwa udanganyifu. Kwa mujibu wa taarifa ya wizara hiyo, wazazi vijijini waliambiwa watoto wao wanapelekwa Kampala kusoma. Hawakuambiwa kwamba wanapoteza watoto wao kabisa. Kumbe huku kwa makao yatima walioneshwa wazungu kama yatima. Tayari mwaka 2016 Uganda ilikuwa imebadilisha sheria yake ili mgeni akae na mtoto nchini mwaka mmoja kwanza. Ethiopia ilifunga kabisa mwaka 2018. China ilitangaza kufunga mwaka 2024. Korea Kusini ilipeleka nje watoto wapatao 200,000 kuanzia miaka ya 1950, na Machi 2025 tume yao ya ukweli ilieleza jinsi baadhi ya karatasi zilivyoghushiwa, watoto wenye wazazi wakaandikwa kuwa hawana mtu. Marekani iliyopokea karibu watoto 23,000 kutoka nje mwaka 2004, mwaka 2023 ilipokea chini ya 1,300.

Sasa fikiri kama mtu wa kwetu. Mama wa kijijini Usenge ama Mbita akiambiwa, "Mtoto wako ataenda kukaa na watu wazuri, asome," yeye anaelewa nini? Anaelewa kile tumefanya siku zote. Mtoto anaenda kwa shangazi Nakuru, anasoma, likizo anarudi, akikua anajenga. Kwetu kumpa mtu mtoto alee hakujawahi kumaanisha kumfuta mama. Lakini kuasili kisheria kunakata uzi: mzazi wa kwanza anabaki bila haki. Mtu akiweka kidole gumba kwenye karatasi asiyoielewa, hajatoa mtoto. Ameibiwa.

Na ndiyo maana sikuandika barua ile. Jina la Bwana haliwezi kuwa muhuri juu ya karatasi ambayo sijui mama wa mtoto yuko wapi.

Kwa wale mnaoishi hapa Kenya, mlango uko wazi, na mimi na Mama Mchungaji tumeupita. Nitawaambia mtakachokuta.

Unaanza na shirika la kuasili lililosajiliwa, si na mtu binafsi. Mwombaji awe ametimiza miaka 25, awe amemzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi, na asiwe amefika 65. Watataka cheti cha ndoa, cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, ripoti ya daktari, taarifa za benki, watu wa kukushuhudia. Watakuja nyumbani. Watafungua vyumba. Watakuuliza mambo ya ndoa yako ambayo hata mimi mchungaji wako sijawahi kukuuliza. Usikasirike, wanamsemea mtu asiyeweza kusema.

Upande wa mtoto, kama aliachwa, polisi wanaandikisha, jamaa wanatafutwa, na hawezi kutangazwa kuwa huru kuasiliwa kabla ya kutimiza wiki sita. Kisha anakaa nawe miezi mitatu mfululizo chini ya uangalizi. Kisha mahakama inamteua mtu wa kumwakilisha mtoto, na ripoti zinasomwa na jaji wa Mahakama Kuu. Amri ikitoka, mtoto ni wako kama uliyemzaa: jina, urithi, kila kitu. Na kwa wale wanaoniuliza kuhusu watoto waliovuka mpaka kuja kwetu, Katiba kifungu cha 15 inasema mtoto asiye raia akiasiliwa na Mkenya ana haki ya kuandikishwa uraia akiombewa. Usiache karatasi hiyo ikae. Huko Marekani kuna watu wazima walioasiliwa wakiwa wadogo, wakaja kugundua uzeeni kwamba hakuna aliyewakamilishia uraia, na wengine wamefukuzwa kurudi nchi wasiyoijua.

Sisi ilituchukua miezi ishirini na miwili. Kuna ofisi ilipoteza faili yetu, na Mama Mchungaji akawa anaenda pale kila Alhamisi na chupa yake ya chai mpaka ikapatikana. Kwa hivyo ukinisikia nasema subira, sijaisoma kitabuni.

Lakini karatasi ndiyo sehemu rahisi. Sikia sasa habari za moyo.

Binti yetu alikuja akiwa na miezi kumi na minne. Wauguzi walikuwa wamempa jina la mvua, kwa sababu ilinyesha siku aliyopatikana, na jina hilo hatukulibadilisha. Alikuwa halii. Watu wa kanisa wakatusifu, "Mtoto mtulivu kama nini!" Dada mmoja muuguzi, wa kikundi chetu cha maombi, akatuvuta kando. Akasema mtoto aliyelia mara nyingi akaona hakuna anayekuja hujifunza kunyamaza. Mwezi wa tatu, usiku mmoja, akalia kuanzia saa nne mpaka majogoo. Majirani waligonga ukuta. Sisi tulikuwa tunamshukuru Mungu, maana mtoto wetu ameamini kwamba akilia tutakuja.

Mpaka alipofika miaka minne tulikuwa tunapata vipande vya chapati chini ya mto wake. Usimchape mtoto kwa hilo. Usimwite mwizi. Weka ndizi mahali anapofika, umwambie ni zake, na ngoja. Siku moja ataacha mwenyewe.

Sasa mwongezee mtoto huyo ndege. Mtoto wa miaka mitano aliyezoea harufu ya omena ikikaushwa Dunga, kelele za boda boda, matroni aliyemwita jina fulani la utani, leo amelala kwenye nyumba yenye kimya na theluji nje, na hakuna hata mtu mmoja anayejua wimbo aliokuwa akiimbiwa. Wewe unaona umemwokoa. Yeye anaona amepoteza kila mtu kwa siku moja. Ataomboleza. Anaweza kukukataa wewe mama na kumshika baba, ama kinyume. Wiki za kwanza zinaweza kuwa tamu kama asali, kisha dhoruba ikaja mwezi wa pili. Hiyo haimaanishi Mungu hakukutuma. Inamaanisha mtoto ana moyo. Mpe Dholuo chake. Mpe ugali wake. Mpe picha za wale waliomlea mwanzo, uziweke anapoziona.

Na tafadhali, usimwombe shukrani. Mtoto akiambiwa kila siku "ungekuwa wapi kama si sisi", huo ni mzigo wa gunia mbili kichwani. Uliyemzaa humwambii hivyo. Huyu naye usimwambie.

Wengine mtaniuliza, tumwambie lini? Mwambie tangu hajui maana yake. Binti yetu alikua akisikia hadithi yake kama anavyosikia hadithi ya Musa. Alipokuwa na miaka saba mwenzake wa Sunday school alimwambia, "Wewe uliokotwa." Akaja jikoni, akasimama mlangoni, akauliza jambo ambalo hatukulitarajia: "Mama, yule mama wangu wa kwanza alikuwa na njaa?"

Mama Mchungaji aliepua sufuria, akaketi chini kwenye sakafu. Akamwambia, "Hatujui, mwanangu. Tunajua alikuacha asubuhi, mahali penye watu wengi, na alikufunga leso mbili kwa sababu ya mvua. Mtu asiyekupenda hangekufunga leso ya pili." Leso hizo ziko kwenye sanduku chumbani kwetu mpaka leo. Ni zake. Akiolewa ataenda nazo. Mpendwa, ukichukua mtoto, chukua na leso yake. Faili, barua, jina la kijiji, chochote kilichopatikana. Usichome historia ya mtoto ili wewe ujisikie mzazi kamili.

Sasa neno kwa kanisa na kwa ukoo, maana mtoto haingii nyumba tu, anaingia boma.

Wapo wanaosema, "Chukua mtoto, tumbo lako litafunguka." Nimelisikia hata kwenye madhabahu. Sisi watu wa ziwa tunajua chambo ni nini. Unamtundika samaki mdogo kwenye ndoana ili upate mkubwa. Ndivyo utakavyomfanyia mtoto wa Mungu? Je, tumbo lisipofunguka utamrudisha? Na likifunguka, yeye atakuwa nani? Kama unataka mtoto huyu kwa ajili ya mtoto mwingine, subiri kwanza. Hujawa tayari.

Wapo wanaoogopa laana. "Pastor, hatujui ukoo wake. Kama kuna roho za babu zake?" Ndugu, fungua Mathayo sura ya 1. Katika ukoo wa Bwana wetu yuko Rahabu wa Yeriko, yuko Ruthu Mmoabi. Damu inayohesabika kwetu ni ya msalaba. Kama unaamini inakutosha wewe mwenye dhambi zako unazozijua, itamtosha mtoto mchanga ambaye hana hata moja ya kuhesabiwa.

Na wazee wetu, jodongo, nisikieni kwa heshima. Neno kimirwa lisitamkwe juu ya mtoto huyu katika boma la mtu aliyeokoka. Kabla ya kumleta, mwenye nyumba akae na baba zake na ndugu zake, aulize wazi: akiwa wa kiume, atajenga simba yake wapi? Nikifa kesho, nani atamtetea kwa shamba? Sheria inampa haki yote. Lakini tumeona haki ya karatasi ikifukuzwa na panga usiku wa matanga. Afadhali ugomvi huo uishe leo ukiwa hai.

Narudi kwa ndugu zangu wa Marekani. Baada ya maombi niliwauliza swali moja. Dada ya huyu mama alifariki miaka minne iliyopita, na akaacha kijana. Yuko hapa Nyalenda na nyanya yake, ana miaka tisa. Niliuliza, "Na huyu?"

Simu ilinyamaza mpaka nikadhani imekatika. Kisha dada yetu akasema, "Pastor, huyo tayari ana kumbukumbu. Sisi tulitaka mtoto atakayetujua sisi peke yetu."

Sikumkemea. Mwanamke aliyezika mimba tatu ana haki ya kutamani mtoto wa kwanza kumwita mama. Lakini nikamwambia, na ninawaambia ninyi nyote: mtoto atakayekujua wewe peke yako hayuko duniani. Hata mchanga wa siku mbili amekaa karibu na moyo wa mtu mwingine kwa miezi tisa.

Nilienda pia kumwona nyanya. Nilimkuta anachambua osuga, na kijana anamsomea ujumbe wa simu. Yeye hofu yake ni nyingine. "Wakimchukua, Pastor, nitakufa bila kumwona. Na wasipomchukua, nikifa nitamwacha na nani?" Nani ana jibu rahisi la hapo? Mimi sina. Najua tu kwamba kati ya kuasili na kusahau kuna nafasi kubwa. Kuna kulipa karo. Kuna bima ya afya ya nyanya. Kuna kupiga simu kila Jumapili ili kijana aijue sauti yako. Kuna kwenda kwa afisa wa watoto sasa, nyanya akiwa na nguvu, kuuliza ni nani atakuwa mlezi wa kisheria. Hata serikali inaelekea huko. Mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi, wa 2022 hadi 2032, unataka watoto watoke kwenye makao warudi katika familia, na Kisumu ni mojawapo ya kaunti zilizoanza mapema kazi hiyo. Kwa hivyo vikundi vyenu vya ng'ambo mnaonichangia "tujenge children's home", fikirini upya. Mtoto mmoja katika nyumba ya jamaa anayesaidiwa ni bora kuliko vitanda ishirini vilivyopakwa rangi.

Hawajatuma pesa kwa yule mtu. Wamempigia kijana Jumapili mbili mfululizo. Mara ya kwanza waliongea dakika tatu, mara ya pili arobaini, zaidi kuhusu Gor Mahia. Sijui Mungu atafanya nini. Wanaomba, nyanya anaomba, mimi naomba. Ungana nasi.

Tuombe.

Baba, unawaona wanaolia usiku kwa sababu kitanda cha mtoto ni kitupu. Wafariji bila kuwaharakisha. Unawaona watoto waliojifunza kunyamaza. Walete mahali ambapo kilio chao kitaitikiwa. Mkumbuke kila mama aliyefunga leso ya pili. Mvuruge kila anayefanya biashara ya watoto katika mji huu, kutoka hapa mpaka ng'ambo ya ziwa, na umlete mbele ya sheria. Tupe sisi tuliofanywa wana moyo wa kufanya wana, kwa ukweli na mchana kweupe. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama neno hili limekugusa, andika Amina na umtumie mmoja anayelihitaji. Lakini kama una swali la mtoto fulani, usiliandike hapa hadharani, wala usiweke picha yake. Njoo ofisini Jumanne ama Alhamisi alasiri, Mama Mchungaji atakuwepo, na chupa ya chai ni ile ile.